Ubeti Ulioongeza Dakika Mbili

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii. Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako. Wakuu wa vitengo, madaktari na wauguzi. Wastaafu wetu watatu mnaoagwa leo, pamoja na familia zenu. Mama zangu wa chumba cha kufulia, mlioketi safu ya tatu mkiwa mmependeza mpaka mmenipotea, maana mimi nimezoea kuwaona na mabuti ya mpira. Wageni waalikwa wote: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake, na kama kuna niliyemruka, naomba anisamehe kama mtoto wake.

Kabla sijamsifu mtu, nina jambo la kukiri. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mwalimu, si rafiki, wala mama yangu mzazi, ambaye yupo humu ndani na ambaye sasa hivi ameacha kujipepea na ratiba. Miaka minne iliyopita, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, nilisema uongo katika chumba cha kufulia cha hospitali hii, na kwa sababu ya uongo huo vitambaa arobaini na kimoja vya chumba cha upasuaji viliharibika. Barua ya onyo iliyoandikwa kwa ajili ya vitambaa hivyo haina jina langu. Ina jina la msimamizi wa chumba hicho, mama huyu tunayemuaga leo.

Niliombwa hotuba ya sifa. Sifa zipo, na nitazisema, lakini haziwezi kukaa vizuri mpaka hili litangulie.

Kwa wasionijua, mimi ni mwanafunzi wa sekondari na si mtu wa kusimama mbele ya watu. Darasani nikiulizwa swali hujibu nikiangalia dawati, na mwalimu wangu wa lugha huniambia kwamba ninaandika kama mtu mwenye sauti na ninazungumza kama mtu aliyemeza kitambaa. Mama zangu wa chumba cha kufulia walipokaa kuchagua msemaji, kila mmoja alimsukumia mwenzake. Yule mrefu wanayemwita Mlingoti alikataa kabisa, akasema yeye akipewa kipaza sauti atasema yanayosemeka na yasiyosemeka, na hapo chumba kizima kitastaafu siku moja. Wakanichagua mimi, kwa kuwa nasoma vitabu, na kwa kuwa nimekulia mle ndani, juu ya rafu ya mablanketi, nikifanya kazi za shule huku nikimsubiri mama atoke zamu.

Ni wangapi kati yenu mmewahi kuingia chumba kile? Kipo nyuma ya chumba cha eksirei, ukishuka ngazi saba. Mvuke umejaa mpaka miwani yangu huwa haina kazi. Saa ya ukutani ilisimama kabla sijazaliwa, ikabadilishwa, na iliyofuata nayo ikasimama. Simu haziruhusiwi, kwa sababu za usafi ambazo mnazijua kuliko mimi, na saa ya mkononi huingia mvuke ikafa ndani ya wiki. Lakini dawa ya klorini haina huruma. Vitambaa vya kijani vya chumba cha upasuaji vikikaa kidogo kwenye tangi la dawa, vijidudu vinabaki. Vikikaa sana, uzi unaoza. Vinatakiwa vikae dakika kumi. Si tisa, wala kumi na mbili.

Basi mtu atapimaje dakika kumi mahali ambapo hakuna saa inayoishi? Ataimba.

Mwaka wake wa pili kazini, mama huyu alikuja na saa ya kuazima, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Akasimama kando ya tangi, akawaambia wenzake waimbe wimbo wao wa kazi kwa mwendo wa ubao wa kugeuzia nguo, ubao uende na kurudi, mtu asiharakishe. Ubeti mmoja na kiitikio chake ukawa dakika moja. Beti tano, dakika tano. Wimbo mzima ukiimbwa mara mbili, dakika kumi kamili. Kuanzia siku hiyo akaitwa Bi Kipimo, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeuliza mle ndani ni saa ngapi. Wanaulizana, "Tuko ubeti wa ngapi?"

Waheshimiwa madaktari, mlikuwa mnajua kwamba vitambaa mnavyovitandaza juu ya mgonjwa vilipimwa kwa wimbo?

Maneno ya wimbo huo yameandikwa kwenye daftari la Bi Kipimo, na nakala yake hubandikwa ukutani, ndani ya plastiki, kwa ajili ya wafanyakazi wapya. Mvuke huiozesha kila baada ya miezi michache. Kazi ya kuinakili upya ilikuwa yangu, maana mwandiko wangu unasomeka na nilikuwa nimekaa tu.

Sasa niwaeleze mwaka ule. Baba yangu alikuwa fundi wa friji. Aliingia hospitali hii siku ya Jumatatu akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na Jumatano ya wiki iliyofuata akatolewa kwa mlango wa nyuma. Siku zote hizo mashuka ya wodi yake yaliendelea kushuka chumba cha kufulia kama kawaida, na mama yangu aliyafua, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mwezi uliofuata nyumba tuliyopanga ikauzwa, tukahamia chumba kimoja nyuma ya karakana ya vyuma, ambako mashine zilianza kusaga sisi tukiwa bado kitandani. Mdogo wangu, mwenye miaka saba, akarudia kukojoa kitandani. Mimi nikaanza kusahau nilichosoma kabla sijafunga kitabu. Mambo yalikuja yamepandana, hili juu ya lile, na hapakuwa na mtu wa kutuambia tuanze kuondoa lipi.

Mama hakulia. Alirudi kazini siku ya sita. Alikuwa akiimba, kwa sababu mle ndani kuimba ni kazi, lakini ubeti wa tano ulipofika alifunga mdomo. Ubeti wa tano, ambao ndio uliokuwa wa mwisho, unaanza hivi:

Jua likisha kushuka, nabisha, anafungua,
Mume wangu aitika, mzigo anautua.

Wenzake waliona. Wakawa wanauimba ubeti ule kwa sauti ya chini, wakiangalia maji. Lakini wimbo huimbwa mara mbili kwa kila tangi, na matangi huwa manne kwa siku, kwa hiyo mama yangu alifunga mdomo mara nane kila siku, na mara zote nane wimbo uliishia palepale, yeye akiwa amefunga mdomo. Nilikuwa juu ya mablanketi. Nilihesabu.

Ningemwambia nini? Mtoto wa miaka kumi na miwili anamfariji vipi mtu aliyefua shuka alilolalia mumewe siku ya mwisho? Lakini nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko umri wangu, na vitabu vilikuwa vimenifundisha kwamba kama wimbo unaishia mahali pabaya, hakuna anayemkataza mtu kuuendeleza.

Wiki zile Bi Kipimo alikuwa nyumbani, mguu umemvimba, amepewa mapumziko ya siku kumi na nne. Nakala ya ukutani ilikuwa imeoza. Nikachukua daftari lake, ambalo kurasa za mwisho zilikuwa zimeshikamana kwa maji, nikanakili beti zote tano, kisha nikaongeza wa sita. Nilikuwa nimeutunga kwa siku tatu wakati wa mapumziko, nikiwa nimejifungia chooni shuleni, mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyeniuliza nina nini. Nikawaambia mama zangu kwamba nimezibandua zile kurasa zilizoshikamana na nimekuta ubeti uliosahaulika.

Huo ndio uongo wangu. Ubeti wenyewe ni huu:

Mlangoni nasimama, na ufunguo ninao,
Nafungua, nainama, nawapikia walao,
Machozi yakisukuma, yasubiri zamu yao,
Kukicha nitajituma, nifue mashuka yao.

Najua kwamba mistari miwili ya mwisho inaishia kwa neno moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Hawakuuliza chochote. Mlingoti aliusoma ukutani, akatikisa kichwa, akasema watunzi wa zamani walikuwa na akili, hawa wa siku hizi wanajua viuno tu. Siku ya kwanza mama hakuuimba. Siku ya pili alikuwa anausoma huku anageuza nguo. Siku ya nne, ulipofika ule mstari wa machozi, nilisikia sauti yake. Haikuwa nzuri, ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyetoka kwenye mafua, lakini ilikuwepo, na ilifika mwisho wa wimbo pamoja na za wenzake.

Baada ya hapo ubeti ule ukawa wa kila mtu. Muuguzi alikuja siku moja akifoka kwamba wodi yake imecheleweshewa mashuka, na Mlingoti akamjibu kwa upole mkubwa, "Dada, hata machozi hapa yanasubiri zamu." Muuguzi akacheka asitake. Bi Kipimo aliporudi kutoka mapumziko aliwakuta wanaimba beti sita. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa aproni akajiunga nao.

Nyumbani, siku moja tukimenya viazi, mama alinisemesha. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu yeye kuanza mazungumzo. Alisema, "Ule ubeti ulioukuta kwenye daftari. Kuna mwanamke alisimama pale pale kwenye tangi kabla yangu, akafiwa, akatunga hayo, akaendelea kufua. Yeye alivuka. Basi na mimi nitavuka."

Niliendelea kumenya kiazi mpaka kikawa kidogo kama kokwa. Ningemwambiaje kwamba mwanamke huyo hayupo? Ningemwambiaje kwamba aliyetunga hakuwa amevuka kitu chochote, kwamba alikuwa mimi, na mimi nilikuwa bado nalia chooni wakati wa mapumziko? Mama alikuwa amepata mtu wa kuegemea. Nilinyamaza. Kwa jambo hilo, waheshimiwa, mpaka leo sijui kama nilikosea.

Lakini kuna hesabu ambayo mimi, niliyejiona msomi, sikuipiga. Ubeti mmoja ni dakika moja. Wimbo huimbwa mara mbili. Kwa kumwongezea mama yangu ubeti, nilikuwa nimeongeza dakika mbili za klorini, tangi baada ya tangi, siku baada ya siku. Na wimbo ndio uliokuwa saa yao. Nani hukaa akaishuku saa iliyomwongoza miaka yote bila kosa? Sidhani kuna mahali pengine ambapo mtu anaweza kuozesha nguo kwa kuongeza shairi.

Wiki ya tatu, daktari wa upasuaji alikunjua kitambaa cha kijani, kikachanika mikononi mwake kama karatasi iliyolowa, na mgonjwa yuko tayari mezani. Walileta kingine, nacho kikachanika. Mgonjwa hakudhurika, upasuaji wake uliahirishwa kwa saa tatu mpaka vilipopatikana vitambaa vya akiba, na aliondoka hospitalini salama. Lakini vilipokaguliwa vyote, arobaini na kimoja vilikuwa havifai hata kufutia sakafu.

Bi Kipimo aliitwa ofisini. Mimi nilikuwa juu ya rafu yangu aliporudi. Aliingia na bahasha, akaitia mfukoni mwa aproni bila kuifungua, akaazima saa, akawaambia waimbe. Wakaimba. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama uso. Walipomaliza alisema tu kwamba ni dakika kumi na mbili. Mlingoti akasema basi waende juu wakaeleze kwamba ni ule ubeti wa daftari, hakuna aliyejua, kosa si la mtu. Wengine wakaitikia. Bi Kipimo akawajibu kwamba msimamizi ni yeye, na wa kwenda juu alikwishakwenda.

Nilikuwa nasubiri aseme ubeti ule ufutwe. Nilikuwa nimeshika penseli mkononi, nadhani niliikunja mpaka ikavunjika. Yeye akasema, "Kuanzia leo vitambaa vinaingia kwenye dawa ubeti wa pili ukiisha. Wimbo ubaki ulivyo."

Hakunitazama. Hakuuliza. Mama yangu akarudi kwenye tangi, akashika ubao, na wakaanza upya. Nami nikakaa kimya kwa miaka minne, nikijiambia kwamba yale yalikuwa maneno ya ofisini tu, amefokewa, yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wiki mbili zilizopita Bi Kipimo alinipa karatasi zake zote ili niandike wasifu wake wa miaka thelathini na mmoja. Kulikuwa na barua ya ajira ambayo kona zake zimekuwa laini kama kitambaa. Kulikuwa na barua ya kumfanya msimamizi. Na kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye maneno "Onyo Kali" juu, na chini yake kosa: uzembe katika kusimamia muda. Nilipomuuliza niiandikeje, aliichukua, akaikunja tena, akasema, "Hiyo iruke."

Mnayo ratiba mikononi mwenu. Tazameni ukurasa wa pili. Wastaafu wawili leo watapewa Cheti cha Utumishi Bora. Wa tatu atapewa zawadi na kupigwa picha. Nilimuuliza Mlingoti kwa nini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinijibu bila mzaha. Alisema kamati haiwezi kusoma mtu, inasoma faili, na mwenye barua ya onyo katika faili hapewi cheti. Ni utaratibu, wala hakuna aliyemwonea.

Basi, Mheshimiwa Mganga Mkuu, nami nimeandika barua. Nimeeleza tarehe, nimeuandika ubeti wote, nimeeleza kwamba niliuingiza kwa udanganyifu, na kwamba msimamizi alikuwa nyumbani kwa ruhusa ya daktari siku nilipofanya hivyo. Nimeweka sahihi yangu na jina la shule yangu. Sikuja kudai cheti, na sina haki ya kudai chochote. Naomba tu kwamba barua yangu iwekwe katika faili lile, karibu na ile nyingine, ili siku yoyote mtu akiisoma moja asome na ya pili.

Bi Kipimo, nimetafuta neno la kukusifu siku kumi na nne, na yote niliyoyapata yalikuwa makubwa mno au madogo mno. Naomba niseme nilichokiona. Nilikuona unasawazisha kikombe cha sabuni kwa kidole, kila siku, hata siku ambazo hakuna mkubwa aliyeweza kushuka ngazi saba. Nilikuona unahesabu mashuka ya wodi ya watoto mara mbili, kwa sababu watoto, ulisema, hawajui kulalamika. Na nilikuona umepewa sababu ya kufuta ubeti, ukabadilisha kazi ya chumba kizima ili ubeti ubaki. Nisamehe kwa barua ile. Nisamehe zaidi kwa kukuacha uibebe peke yako.

Na wewe, mama. Nisamehe kwa kukwambia mbele za watu. Nilijaribu nyumbani, na kila nilipofungua mdomo nilikukuta unauimba. Mwanamke uliyemwegemea miaka minne hakuwepo. Aliyeandika ni mimi, na sikuwa nimevuka kitu. Lakini sikuyatoa maneno yale hewani. Nilikuwa nakutazama. Ni wewe uliyesimama mlangoni na ufunguo, ukainama, ukatupikia, na kukicha ukarudi kufua. Nilinakili tu, kama nilivyokuwa nanakili yale mengine. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyesimama pale kwenye tangi akafiwa akaendelea, mtu huyo alikuwepo, ila hakuwa kabla yako.

Watu wengi husema wimbo humpa mtu nguvu. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, kwa sababu nina sababu ya kulifikiria kuliko wenzangu darasani. Siku zile maneno yangu hayakumrudisha baba, wala hayakuturudishia nyumba, na mashine za karakana ziliendelea kusaga palepale. Kilichotokea ni kidogo sana. Mtu aliyekuwa anafunga mdomo alipata mahali pa kuufungua, mara nane kwa siku, akiwa katikati ya wenzake na mikono yake ikiwa kazini. Je, hicho ni kitu kidogo? Mimi sijui. Najua tu kwamba mwaka ule ulipita, na kwamba tulipotoka upande wa pili tulikuwa bado watatu.

Nawashukuru Bodi na uongozi kwa kumpa mtoto wa dobi nafasi ya kusema katika ukumbi huu. Nawashukuru mama zangu wa safu ya tatu kwa rafu ya mablanketi. Nimezidisha muda, jambo ambalo kwangu si geni. Kwa subira yenu na masikio yenu mliyonipa bila kunikatiza, asanteni sana.

*

Mwalimu anayesimamia gazeti la shule aliisoma hotuba hii akaniomba nieleze, kwa kifupi, nilifanya nini nilipomaliza. Nilifanya hivi.

Nilishuka jukwaani nikaenda kwenye meza ya karani, nikampa barua. Alimtazama Mganga Mkuu, naye akamwashiria aipokee. Karani akaigonga muhuri, akanipa nakala. Mganga Mkuu alisema kwenye kipaza sauti kwamba suala hili litapelekwa mbele ya Bodi katika kikao kijacho, na kwamba leo hawezi kuahidi jambo ambalo hajalisoma. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Vyeti viwili vikatolewa kama ratiba ilivyosema.

Nilipopita karibu na viti vya wastaafu, Bi Kipimo alinishika mkono akanivuta chini. Alinong'ona.

"Kurasa zile zilikuwa tupu, mwanangu. Daftari ni langu."

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ile aliyosimama mlangoni.

"Barua ile ilikuwa haki yangu," akasema. "Nilijua ubeti ni mpya, nikasahau kupima. Nilikuwa namtazama mama yako mdomo." Kisha akaniachia, kwa sababu mpiga picha alikuwa anawaita.

Nilikwenda safu ya tatu. Mama aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, nikaketi. Alikuwa anaangalia mbele, ambako watu walikuwa wanapanga mistari ya picha, wafupi mbele. Nilidhani nimemnyang'anya kitu ambacho sitaweza kumrudishia. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayejisemea, "Kumbe huyo mwanamke nilikuwa namsuka nywele mwenyewe kila Jumapili." Mlingoti, aliyekuwa kando yetu, akaangua kicheko, kisha akajipangusa macho kwa ukingo wa mtandio wa jirani yake.

Wageni walipoondoka, mama zangu walivua viatu vya visigino. Vitambaa vyeupe vya meza za ukumbi ule ni vya chumba cha kufulia, na vilitakiwa virudi kabla ya zamu ya jioni. Nikaondoa chupa za maji kwenye meza kuu. Mama akashika ncha mbili za kitambaa, nami nikashika mbili, tukakikunja, tukaenda meza ya pili.